Manifodi Kwenye Chumba cha Cherehani

3 Machi, Jumatatu. Mvua.

Mvua ya kwanza imeshuka leo asubuhi, na wifi yangu ameshuka nayo.

Yeye ameshuka kwenye pikapu ya kukodi, pamoja na mashine ya kuchomelea, mtungi wa gesi unaonifika kifuani, masanduku mawili ya vyuma na kibegi kimoja cha nguo. Upepo wa jana umeezua paa la banda lake la kazi, na mwenye kiwanja hana mpango wa kulirudisha. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, alisimama mlangoni akipokea mizigo bila kushangaa hata kidogo. Hapo nikatambua kwamba nyumba nzima ilikuwa inajua isipokuwa mimi. Nyumba nzima ni mimi na yeye.

"Ni mpaka mvua ikatike tu," ameniambia.

Mvua yenyewe ndiyo kwanza imeanza.

"Na hivi vyuma vitakaa wapi?" nimeuliza. Wifi hakujibu kwa mdomo. Ameelekeza kidevu kwenye chumba changu cha cherehani.

5 Machi, Jumatano. Mvua.

Mtungi wa gesi umesimamishwa koridoni. Mume wangu ametundika koti lake juu yake. Nimelitoa. Amelitundika tena.

6 Machi, Alhamisi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni ya nne, nimempa fagio. Amefagia upande wake tu.

9 Machi, Jumapili. Manyunyu.

Leo nimemweka wifi kitako aniambie anafanya nini hasa humu ndani, maana nina haki ya kujua kinachoniua.

Anatengeneza manifodi. Si ya kununua dukani, ya kuunda mwenyewe kwa alumini, kwa ajili ya gari la mashindano. Gari hilo ni la mtu ambaye sote tunamwita Dereva, na injini yake ina turbo. Nimemwambia turbo nimeisikia kwa wanaojigamba barabarani, sijui ni nini. Akachukua rula yangu akachora kwenye vumbi la meza, vumbi lake mwenyewe. Turbo ni pangaboi dogo linalosukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini. Hewa hiyo inafikia kwanza chemba moja, kubwa kiasi cha mkate, halafu inagawanyika kwenye mabomba manne, kila bomba na mlango wake wa injini. Mabomba hayo yameshonewa kwenye bamba nene, na bamba ndilo linalofungwa kwa bolti kwenye injini. Chemba, mabomba na bamba, vyote pamoja ndiyo manifodi. Ile ya kiwandani ni nyembamba na imepasuka.

"Ikivuja je?" nimeuliza.

"Ikivuja, turbo inasukuma hewa nje kama mjinga, na gari linapanda kilima kama mzee."

Kumbe kuna mashindano ya kupanda kilima mwanzoni mwa Mei, mvua zikiisha. Manifodi ikishika presha hadi juu, Dereva atampa banda la nyuma la gereji yake, lenye paa la kweli, awe fundi wake wa kuchomelea. Isiposhika, hana banda, hana kazi, anabaki hapa hapa.

Kwa hiyo hesabu yangu ni rahisi. Ikishika, anaondoka. Isiposhika, ninaye mpaka nizeeke. Sijawahi kuombea kipande cha bati namna hii.

"Kwani geti na madirisha yamekukosea nini?" nilimwuliza. Miaka yote amechomelea mageti.

"Geti halibebi presha, wifi. Geti likiwa na kitundu hakuna anayejua. Hata mimi sijui kama najua kuchomelea."

11 Machi, Jumanne. Mvua kubwa.

Kila akiwasha mashine yake, taa zinafifia na cherehani yangu inapunguza mwendo, halafu inarudi ghafla na kunikimbiza. Nimeshona mkono wa gauni ukapinda. Nimefumua. Nimeshona tena. Amewasha tena.

Nimemwambia mume wangu aongee na dada yake. Ameenda, wakacheka huko koridoni, akarudi kuniambia kwamba pande zote mbili zina hoja. Kuanzia leo namwita Mpatanishi.

14 Machi, Ijumaa.

Bitana yangu nyeupe imepungua. Nimeipima mara mbili.

15 Machi, Jumamosi. Mvua.

Mwizi wa bitana ni yeye. Nimemkuta akiloweka kipande kwenye dawa fulani kali na kufutia alumini. Anasema alumini ikiwa na hata alama ya kidole, mshono unaharibika, na matambara ya kawaida yanaacha nyuzi. Bitana yangu haiachi nyuzi.

"Sasa si ungeomba?"

"Ungenipa?"

Nisingempa. Lakini hilo halihusiani.

18 Machi, Jumanne.

Nimefungua oveni niweke mkate, nikakuta fungu la vijiti vya kuchomelea vimelala humo kwenye trei. Anasema alumini haipendi unyevu, unyevu ukiingia kwenye mshono unaacha vitundu ndani, na msimu huu kila kitu kina unyevu, mpaka hewa. Kwa hiyo vijiti vinakaushwa. Nimemwuliza mkate wangu nao uchomwe wapi. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba akimaliza.

20 Machi, Alhamisi. Mvua asubuhi, jua jioni.

Leo limetokea jambo la ajabu, wifi ameomba.

Dereva amemletea gasketi ya injini, ile karatasi ngumu yenye matundu inayokaa kati ya bamba na injini, na ni ya zamani, imechanika kona mbili. Haiwezi kulazwa juu ya chuma na kufuatishwa. Alitaka nimkatie pateni yake kwenye karatasi yangu ngumu, kila tundu mahali pake. Amejaribu mwenyewe kwa kisu na imetoka kama imeng'atwa na panya.

Nimeilaza, nimeibana kwa pini, nimezungusha penseli, nimeziba kwa akili zile kona zilizochanika, nimekata. Nilipomaliza niliweka alama ya X kwa chaki kama ninavyofanya kwa kila pateni, nikampa. Aliilaza juu ya gasketi, matundu yote yakakaa. Akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha akaitazama muda mrefu.

"Mkono huu si wa nguo tu," akasema.

Nimefurahi, na nimeudhika kwamba nimefurahi.

24 Machi, Jumatatu.

Bibi harusi ambaye ndiye kazi yangu kubwa ya msimu huu alikuja kujaribu gauni. Nimefungua mlango wa chumba cha cherehani na tumekuta sanamu yangu ya nguo imevaa gauni lake jeupe, na shingoni mwa sanamu yananing'inia mabomba manne ya alumini, yamefungwa kwa kamba yapoe mbali na unyevu wa sakafu.

Bibi harusi aliyaangalia. Mama yake aliyaangalia.

"Hii ni sehemu ya gauni?" mama akauliza.

Nikasema si sehemu ya gauni. Wifi, aliyekuwa chini ya meza akitafuta tupa yake, akatoa kichwa akasema hongereni sana.

27 Machi, Alhamisi. Mvua.

Amenitilia tupa kwenye kikapu cha mikasi. Nimenyamaza. Mwenye kelele hana neno, na mimi nina neno.

1 Aprili, Jumanne. Mvua, mvua, mvua.

Nimeangalia mshono wake leo. Alikuwa ameenda kununua gesi na mabomba mawili yalikuwa mezani yameshaungwa kwenye bamba. Niliinama nikidhani nitaona kitu cha kulalamikia. Ule mshono una mawimbi madogo, moja limelalia jingine, yote sawasawa, kuzunguka bomba zima bila kuruka. Mimi nina cherehani yenye kipimo cha mshono. Yeye ana mkono tu, kofia ya chuma usoni, na umeme unaofifia.

Sikumwambia. Ataanza kukaa meza yote.

5 Aprili, Jumamosi.

Anaimba akifanya kazi. Wimbo mmoja, na katika wimbo huo mstari mmoja. Mpatanishi ameanza kuuimba naye. Nawatazama tu.

9 Aprili, Jumatano. Mawingu.

Imekwisha. Iko juu ya meza yangu ya kukatia, chemba, mabomba na bamba, inang'aa. Jumamosi tunaipeleka ikafungwe. Wifi ameniomba niende naye, eti nimshikie upande mmoja. Mpatanishi angeweza kumshikia. Nimekubali kwa sababu nataka kuiona ikiondoka kwangu kwa macho yangu mwenyewe.

12 Aprili, Jumamosi. Mvua kutwa.

Sijui nianzie wapi.

Tulifika gereji ya Dereva kabla ya saa sita. Ni banda refu lenye harufu ya petroli, gari katikati limefunguliwa boneti, na huko nyuma kuna chumba chenye mlango wa bati na dirisha moja linaloangalia uwanja. Wifi alitupia jicho dirisha lile kisha akajifanya hakuliona. Nilimwona.

Dereva ni mtu mwembamba asiyependa maneno. Aliipokea manifodi kwa mikono miwili, akaizungusha, akasema, "Safi." Kwa Dereva hiyo ni hotuba. Wifi akaweka gasketi mpya, tukaishika mimi upande huu yeye upande ule, tukaisukuma kwenye injini.

Haikuingia.

Tukaisogeza. Bolti mbili za kati zikakubali kidogo, za pembeni zikagonga chuma kitupu. Tukaigeuza juu chini, ikawa mbaya zaidi. Wifi akaichomoa, akaiangalia, akaiangalia injini, akaiangalia tena. Akachukua ile gasketi mpya akailaza kwenye bamba kwa upande wa injini. Matundu yakapishana. Akaigeuza gasketi mgongo, yakakaa yote.

"Hii umetengenezea gari gani?" Dereva akauliza.

Mimi hapo ndipo nilipoikumbuka ile X.

Fundi nguo huchora upande wa ndani wa kitambaa. Chaki haitakiwi ionekane nje. X yangu maana yake siku zote ni hii: huku ni ndani, huku ndiko kunakogusa mwili. Mwili hapa ni injini. Sikumweleza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza, kila ninayefanya naye kazi anajua. Na fundi chuma huweka alama usoni, upande atakaofanyia kazi. Kwa hiyo wifi aliona X yangu, akashona mabomba yake yote manne juu ya X. Bamba ni sahihi kabisa. Limeshonwa upande usio wake. Ni sweta lililovaliwa nje ndani, ila sweta unaligeuza na alumini haigeuki.

Nilifungua mdomo. Wifi akanikanyaga mguu. Alikuwa amevaa buti za kazi.

"Kosa langu," akamwambia Dereva. "Nimegeuza pateni."

Dereva alichukua spana asiyoihitaji, akaifuta ili asituangalie. Kisha akasema yeye ana mashindano mwanzoni mwa Mei, na kama manifodi haitakuwa imefungwa wiki moja kabla, atamtafuta mtu mwingine wa kuirekebisha ile ya zamani. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali apandishe.

Tukairudisha manifodi garini, Mpatanishi alikokuwa anatungoja. Aliendesha, vipangusio vikilia kwenye kioo. Tulipofika nyumbani nilimfuata wifi kwenye chumba cha cherehani nikafunga mlango.

"Kwa nini umesema ni kosa lako?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba pateni ya injini yake imekatwa na fundi wa magauni?"

Mpaka sasa sijui alikuwa ananikinga au ananitukana. Nimemwuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Akasema, "Yote." Nikamwambia X yangu ilikuwa sahihi. Akasema na yake ilikuwa sahihi. Nikamwambia kuuliza si ujinga. Akasema na kueleza pia si ujinga. Nikamwambia tangu aje sijapata siku hata moja ya kazi yangu, chumba changu kimekuwa gereji, oveni yangu imekuwa karakana, bitana yangu imekuwa tambara, na sasa, juu ya hayo yote, nimemharibia maisha, anione vipi? Akasema hajasema nimemharibia maisha. Nikamwambia basi anigombeze! Agombeze kama mtu! Akakaa kwenye kigoda changu cha cherehani, akashika ile manifodi mapajani.

"Mimi nina miaka ya kuchomelea mageti, wifi," akasema. "Nilidhani nikipata moja tu ya kweli."

Hakumaliza. Nimetoka, nimemkuta Mpatanishi koridoni amesimama karibu na mtungi wa gesi, amelishika koti lake, hajaribu kupatanisha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nina hasira na yeye, na mimi, na chaki. Na nimemwonea huruma, jambo ambalo sikulipangia.

13 Aprili, Jumapili. Mvua.

Haimbi.

14 Aprili, Jumatatu. Mvua.

Haimbi. Mashine haijawashwa. Cherehani yangu inakwenda vizuri ajabu, nimemaliza pindo lote la gauni, na sijalifurahia hata kidogo.

15 Aprili, Jumanne.

Sikuvumilia tena. Nimeingia na chai nikamwambia, "Mshono ukikosewa unafanyaje wewe? Mimi nafumua."

Akasema amelifikiria. Akiyakata mabomba kutoka kwenye bamba, msumeno unakula, na yakikatwa yanakuwa mafupi. Yakiwa mafupi, chemba inasogea karibu mno na injini na spana haipati nafasi ya kufunga bolti. Hana alumini nyingine ya mabomba, na ya kuagiza haitafika kabla ya siku.

"Gauni likiwa fupi," nikasema, "mimi siongezi pindo. Kiraka cha chini kila mtu anakiona. Mimi naongeza kiunoni."

"Hii si gauni."

"Najua si gauni! Nimeishi nayo tangu mvua ya kwanza! Nakuambia tu ninachojua."

Akapuliza chai. Kisha akaweka kikombe juu ya kitambaa cha hariri cha mteja, akavaa buti, akatoka mvuani bila mwavuli.

Amerudi jioni amelowa chapachapa na bamba la alumini nene mara mbili ya lile la kwanza. Amelipata kwa wauza vyuma chakavu. "Kiuno," akasema, "unene wake utafidia urefu uliokatwa," akalitupa mezani.

Kitambaa cha hariri kina duara la chai.

16 Aprili, Jumatano. Mvua.

Nimekata pateni mpya. Tumebishana kuhusu alama kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Yeye anataka alama iwe nje, mimi nataka iwe ndani, Mpatanishi alipitisha kichwa mlangoni kupendekeza tuweke katikati, tukamfukuza wote wawili kwa pamoja. Mwishowe nimeshona lebo mbili za kitambaa, kama za kola, moja imeandikwa HUKU INJINI, nyingine HUKU MABOMBA, nikazipitisha kwa uzi kwenye matundu ya bamba lenyewe. Wifi alizivuta kuona kama zimeshika. Zimeshika. Nashona mimi.

19 Aprili, Jumamosi.

Tupa, kutwa. Nimeziba masikio kwa pamba. Bibi harusi amepiga simu akauliza hiyo sauti ni ya nini. Nimesema mvua.

22 Aprili, Jumanne. Mvua.

Imeungwa tena. Tumeipeleka ng'ambo ya barabara kwa fundi wa pancha, mwenye kompresa. Wifi ameziba milango yote kwa vibati na mpira, akaingiza hewa, mimi nikapaka maji ya sabuni kwenye mishono kwa brashi yangu ya kusafishia cherehani. Kama kuna kitundu, povu linajitokeza lenyewe.

Limejitokeza. Bomba la tatu, chini.

23 Aprili, Jumatano. Mvua.

Inavuja. Bomba la tatu amelimaliza, sasa ni la kwanza.

24 Aprili, Alhamisi. Mvua.

Inavuja.

Povu dogo kama kichwa cha pini. Nimemwambia kwa macho yangu hiyo ni kavu. Akasema kwa macho ya turbo hiyo ni dirisha. Fundi wa pancha akasema, "Mama, acha hiyo, itajiziba na uchafu." Wifi alimtazama mpaka akarudi kwenye tairi lake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati wa ukuta hatuna, kesho kutwa ndiyo mwisho aliotupa Dereva.

25 Aprili, Ijumaa. Mvua, na upepo.

Leo nimejua adui ni nani. Si mkono wake, ni hii mvua. Bamba jipya ni nene, linabaki baridi, unyevu unalilalia kabla hajawasha moto, na mshono unachemka vitundu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda ameinamisha kichwa. Mwezi uliopita alichukua pasi yangu bila ruhusa kupashia kibati fulani na nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Leo nimekwenda mwenyewe, nimeichomeka pasi, nimeweka moto wa pamba, nimetandika blanketi la kupigia pasi mezani na kulaza manifodi juu yake, nikaanza kuipiga pasi. Bamba zima, mbele na nyuma, taratibu, mpaka halishikiki kwa mkono. Kisha nimeifuta kwa bitana. Bitana mpya, nimeikata mbele yake.

"Wifi," akasema.

"Usiseme kitu. Choma kabla haijapoa."

Amechoma. Taa zimefifia, cherehani ilikuwa imezimwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimegeuza uso ukutani kwa ajili ya macho, nikisikia tu ule mlio.

Tumevuka barabara mvua ikinyesha, yeye ameifunika kwa koti la Mpatanishi. Hewa ndani, sabuni juu. Bomba la kwanza, la pili, la tatu, la nne, chemba, kona, chini. Tumengoja. Fundi wa pancha naye ameacha tairi akaja kungoja.

Hakuna povu.

Wifi amepaka sabuni upya, yeye mwenyewe. Hakuna. Akaketi juu ya tairi kuukuu akaanza kuimba ule mstari wake mmoja. Sijawahi kufurahi hivi kuusikia, na sitarudia kusema hivyo.

26 Aprili, Jumamosi.

Imefungwa kwenye injini. Bolti zote zimeingia kwa vidole. Dereva amesema, "Safi," akaongeza, "Hizi lebo ni za nini?" Wifi akamjibu kwamba ni za fundi wake wa pateni. Amelisema mbele ya watu wa gereji wote, kwa sauti.

Bibi harusi amechukua gauni lake. Ameridhika. Nimebaki na mikono mitupu kwa siku nzima na sikujua pa kuiweka.

3 Mei, Jumamosi. Jua!

Kilima kile ni kirefu na kina kona mbaya. Tulisimama juu, karibu na mstari wa mwisho, mimi, wifi na Mpatanishi, kwenye matope yanayoanza kukauka. Magari yalipanda moja moja. Wifi hakuangalia hata moja. Alikuwa anasikiliza.

Gari la Dereva lilipoanza chini, nilijua ni lake kwa sababu wifi alinishika mkono. Sauti ilipanda, ikajificha nyuma ya kona, ikarudi nene zaidi, na juu yake ule mluzi mwembamba ambao sasa najua ndio turbo. Wifi alikuwa anasema kwa pumzi, "Shika. Shika. Shika." Nami nikajikuta nasema naye. Lilitupita likiturushia vijiwe, likavuka mstari.

Amekuwa wa pili. Wa kwanza ana gari jipya na watu wengi. Lakini wifi hakungoja matokeo. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua boneti injini ikiunguruma bado, akatoa kichupa cha maji ya sabuni mfukoni akanyunyizia mishono. Maji yalikauka kwa joto, akanyunyizia tena. Watu wakamcheka. Hakuna povu hata moja.

Dereva alivua kofia. "Funguo za banda nitakupa Jumatatu, fundi," akasema.

Nikaanza kulia. Mpatanishi alinipapasa bega akasema, "Umefurahi, sasa atahama." Nilimwondoa mkono. Ana dada, lakini yeye hawajui wanawake kabisa.

5 Mei, Jumatatu. Jua.

Amehama. Pikapu ile ile. Mtungi, mashine, masanduku mawili, kibegi. Amefagia chumba chote, pande zote mbili.

Tuliagana mlangoni. Akaniambia nikae vizuri na mashine zangu. Nikamwambia asilale na dirisha wazi, mvua hazina adabu. Akaenda.

Mpatanishi amesimama koridoni na koti mkononi, akitafuta pa kulitundika.

9 Mei, Ijumaa.

Kimya.

13 Mei, Jumanne. Mvua iliyojisahau, kisha jua.

Nilikuwa nashona zipu, taa zikafifia, cherehani ikapunguza mwendo. Niliruka kutoka kwenye kigoda, nikafungua mlango kwa nguvu, mdomo umeshajaa maneno. Koridoni hakukuwa na mtu. Ulikuwa umeme tu.

Nilisimama pale nikaona aibu mbele ya ukuta. Nimemkumbuka wifi. Hilo ndilo jambo lenyewe, nimeliandika, limekwisha.

17 Mei, Jumamosi. Jua.

Nimekwenda gereji. Sikuwa na shida yoyote huko, nilikuwa napita tu, ingawa si njia yangu ya kwenda popote. Nilibeba bitana nyeupe, mita nzima, nimeikunja kwenye karatasi.

Alikuwa kwenye lile banda la nyuma, dirisha limefunguliwa, juu ya meza manifodi nyingine imeanza, ya gari la mtu mwingine. Pateni yake ya karatasi imeng'atwa na panya, nimeona mara moja. Alivua kofia ya chuma, uso umejaa jasho.

"Nimekuletea vipande vilivyobaki," nikasema.

Akafungua karatasi. Akaishika bitana kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama anavyoshika alumini iliyosafishwa.

"Hiki si kipande kilichobaki, wifi. Hakijakatwa popote."

Nikamwambia kama anajua sana vitambaa, basi aniambie upande wa nje ni upi. Akaigeuza. Akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akaigeuza tena, akafikiri, akapiga X kwa chaki yake kubwa katikati ya kitambaa changu kisafi.

Amekosea. Nimevua koti, nimeomba kigoda na mkasi, nikaanza kumkatia pateni upya.